Nguvu kwa Ajili ya Nani? Miaka 100 ya Shule ya Upili ya Alliance

Sala ya Shule ya Upili ya Alliance ni fupi. Humwomba Mungu aitunze shule, kazi yake iwe kamili na maisha yake yasikose furaha, na wanaume wanaotoka humo wawe na nguvu za mwili, za akili na za tabia, wakawahudumie wenzao kwa uaminifu. Kaulimbiu ya shule ina maana hiyohiyo: kuwa na nguvu ili kutumikia.

Tarehe 1 Machi 2026 shule hiyo ya Kikuyu, katika kaunti ya Kiambu, ilitimiza miaka 100. Muda huo wote, kumtia mvulana nguvu kulikuwa na kengele yake, ratiba yake na viranja wake. Lakini awatumikie akina nani? Hilo halikuwa na kipindi darasani. Wanafunzi walilijibu wenyewe baada ya kuondoka, na majibu yao yaligongana hata mmoja akatiwa kizuizini na serikali ambayo mwanasheria wake mkuu alikuwa amekaa kwenye madawati yaleyale. Historia ya Alliance isipogusa mgongano huo ni orodha tu ya vigogo, na orodha hiyo Wakenya wanaijua kwa moyo.

Shule yenyewe ni tunda la ugomvi wa kidini. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana katika kituo cha Kanisa la Scotland pale Thogoto, Kikuyu, wakajadili jinsi ya kuyaunganisha makanisa yao Afrika Mashariki. Walimaliza mkutano kwa kushiriki meza ya Bwana pamoja, Waanglikana kwa Wapresbiteri na wengineo. Habari zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikasirika. Aliwashtaki maaskofu wenzake, Willis wa Uganda na Peel wa Mombasa, kwa uzushi, na kesi ikafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Magazeti ya Uingereza, ambayo kwa kawaida hayakuwa na haja na Kikuyu, yakaandika juu ya Kikuyu wiki baada ya wiki.

Kanisa moja halikupatikana. Kilichobaki, katika mkutano wa 1918, ni ushirika wa kazi (Alliance) kati ya vyama vya misheni: Wascotland, Waanglikana wa CMS, African Inland Mission na Wamethodisti. Walioshindwa kukubaliana juu ya uaskofu walikubaliana juu ya ubao na chaki. Shule ya sekondari ya pamoja ndiyo iliyoupa ushirika huo umbo, ikabeba na jina lake.

Mapatano hayo ya wachungaji yalizaa jambo ambalo sidhani walilipanga. Kila misheni ilikuwa na eneo lake: Wascotland Gikuyu, CMS Nyanza na sehemu za Kati na Pwani, African Inland Mission Ukambani na Bonde la Ufa, Wamethodisti Pwani na Meru. Shule iliyomilikiwa na wote ilibidi ipokee watoto wa wote. Ndiyo maana, wakati ambapo serikali ya kikoloni ilimtambua Mwafrika kwa kabila lake na kipande chake, mvulana kutoka Kaloleni alilala kitanda jirani na wa Maseno na wa Machakos. Wakatoliki walikuwa na mpango wao, Kabaa, iliyoanza 1925 na baadaye kuhamia Mang'u, na ushindani wa shule hizi mbili haujaisha hadi leo.

Mwalimu mkuu wa kwanza, George Grieves, aliiongoza shule kuanzia 1926 hadi 1940. Aliikuta nchi ikibishana juu ya elimu ya Mwafrika. Miaka miwili kabla, tume ya Phelps-Stokes ilikuwa imepita Afrika Mashariki, na mjumbe wake James Aggrey, mwalimu kutoka Ghana ya leo, aliacha sifa kubwa kila alikozungumza. Bweni moja la Alliance lina jina lake. Tume ilipendekeza elimu ya mikono na kilimo, kwa mfano wa vyuo vya Wamarekani weusi vya kusini. Walowezi walilipenda wazo hilo kwa sababu zao: walimwogopa karani Mwafrika kuliko walivyomwogopa seremala Mwafrika. Wazazi nao walilitilia shaka kwa sababu hiyohiyo. Kushika jembe mtoto alijifunza nyumbani bila karo.

Alliance ilianza katikati ya mvutano huo, ikichanganya masomo ya vitabu na ualimu, kilimo na ufundi. Kadiri miaka ilivyosonga vitabu vilishinda, na waliovisukuma mbele ni wanafunzi wenyewe. Eliud Mathu, mmoja wa wavulana wa kwanza kabisa, aliendelea hadi vyuo vya Fort Hare na Balliol, Oxford, akarudi kufundisha palepale, kisha mwaka 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Ujumbe ambao mwaka 1926 haukuwapo hata kwa Mwafrika mmoja, mvulana wa darasa la kwanza la Alliance aliupata kabla shule haijafikisha miaka 20.

Mtu ambaye bado anatajwa Alliance kana kwamba ametoka nje dakika tano zilizopita ni Edward Carey Francis. Alizaliwa London mwaka 1897, akapigana Vita Vikuu vya kwanza kama afisa wa mizinga, akawa mwanahisabati wa Cambridge katika chuo cha Peterhouse. Mwaka 1928 aliacha yote hayo akaja Maseno kuwa mwalimu wa misheni. Vitabu vyake vya hesabu vilienea katika shule za Afrika Mashariki, na wazee wengi waliojua kugawanya kwa njia ndefu walimjua yeye kupitia vitabu hivyo bila kumwona. Alihamia Alliance mwaka 1940 na kubaki hadi 1962. Hakuoa.

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Alianza kufyeka mazoea aliyoyakuta, hasa starehe za viranja, na mwaka uleule wanafunzi wakagoma. Francis hakulegea. Alitaka ukubwa katika shule uwe na maana ya kazi zaidi, wala si ya kutumikiwa. Kiranja aamke kabla ya wengine. Nahodha wa timu ajibu kwa niaba ya timu. Katika miaka yake 22 jambo hili alilisimamia kwa ukaidi kuliko jingine lolote, na kama tutakavyoona, ndilo lililokuja kuota kutu.

Siku ya Alliance ilijaa hadi pomoni. Kabla ya kifungua kinywa kulikuwa na usafi: kufagia, kufyeka nyasi, kuosha vyoo. Ukaguzi wa mabweni uliangalia kitanda, sanduku, kucha. Kisha ibada, masomo, michezo ya lazima, masomo ya jioni, taa kuzimwa. Sare ilikuwa kaki. Mwalimu mkuu alifundisha hesabu mwenyewe, na alionekana uwanjani mara nyingi kama darasani. Alidai kazi kamili: jibu sahihi lililoandikwa ovyo halikumpendeza, na maneno makubwa yasiyo na kazi yalimkera kuliko makosa ya herufi. Walimu wengine walirithi tabia hiyo. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo 1955 hadi 1958, anasimulia jinsi darasa lilivyohimizwa kuiga Kiingereza chepesi cha Yesu katika Injili, mpaka ikabidi mwalimu akumbushwe kwamba Yesu hakusema Kiingereza.

Kisa hicho ni cha kuchekesha, lakini kinaonyesha ukuta ambao shule haikuuona. Tabia njema, katika macho ya wakuu wake, ilikuwa na sura ya Mwingereza Mkristo wa daraja la kati, mnyofu, anayejinyima. Unyofu huo ulikuwa wa kweli, Francis aliuishi. Sura ndiyo iliyokuwa ya kuazima.

Huduma nayo haikuwa hotuba ya Jumapili tu. Jumapili wavulana walitawanyika vijijini kufundisha watoto Biblia. Ngũgĩ alikuwa akienda Kinoo kwa miguu. Mvulana wa miaka 17 aliyesimama mbele ya watoto wasio na kitabu alijifunza upesi kama anajua kueleza au anajua kukariri tu. Kwa maoni yangu hapo ndipo shule ilipofundisha vizuri zaidi, nje ya geti lake.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa, na nje ya geti hilo mambo yakabadilika. Kiambu ilikuwa miongoni mwa vitovu vya uasi wa Mau Mau dhidi ya ukoloni. Jomo Kenyatta, ambaye tangu 1909 alikuwa amesomea misheni ya Thogoto, hatua chache kutoka mabweni ya Alliance, alishtakiwa Kapenguria pamoja na wenzake watano. Mmoja wao, Paul Ngei, alikuwa ametoka Alliance. Wakati huohuo, waliosoma naye walikuwa walimu na makarani katika utawala uliomshtaki. Swali la kumtumikia nani sasa lilikuwa na nyaya za seng'enge.

Francis aliichukia Mau Mau na kuiita uovu; aliamini pia kwamba siasa za uhuru zilikuwa na haraka mno. Hapo alikosea, na wanafunzi wake walimpita. Lakini hakufumba macho. Aliandika kulalamikia ukatili wa polisi na homugadi, askari wa mgambo wa serikali, dhidi ya raia, jambo ambalo Wazungu wengi wa Kenya hawakulithubutu, na aliwakinga wavulana wake waliposumbuliwa. Ndani ya uzio wanafunzi walikuwa wanafunzi. Wakivuka nje walikuwa Wagikuyu, Waembu na Wameru wanaohitaji hati ya kusafiria ili kufika nyumbani kwa mama zao.

Ngũgĩ alirudi likizo yake ya kwanza, Aprili 1955, akakuta nyumbani kwao hakupo. Boma lilikuwa limebomolewa na watu kuhamishiwa kwa nguvu katika kijiji kipya cha Kamirithu. Kaka yake alikuwa msituni na wapiganaji. Siku chache baadaye ilimbidi avae tena kaki, asimame kwenye mstari, bendera ya Uingereza ipandishwe. Katika kumbukumbu zake za miaka ya Alliance, zilizotoka 2012, anaieleza shule kama kimbilio, na papo hapo kama mahali pa mashaka. Hayo mawili hakuyatenganisha, na hakuna sababu ya sisi kuyatenganisha kwa niaba yake.

Kila mwaka shule iliigiza tamthilia ya Shakespeare, mavazi, taa na yote. Wageni walikuja kutazama na kushangaa matamshi. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili, jukwaa lililostahili kutazamwa ni jingine. Kati ya 1954 na 1957 wavulana wa Alliance walianza kuandika tamthilia zao wenyewe kwa Kiswahili na kuziigiza: Henry Kuria na Nakupenda Lakini, Kimani Nyoike na Maisha ni Nini, Gerishon Ngugi na Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi, B. M. Kurutu na Atakiwa na Polisi. Ya Kuria ilichapishwa 1957, na wanaoandika historia ya fasihi yetu huihesabu miongoni mwa tamthilia za kwanza za Kiswahili kupata kuchapishwa.

Tuzingatie aliyeziandika na mahali. Hawakuwa vijana wa Lamu wala Unguja, waliolelewa na mashairi. Walikuwa vijana wa bara, wengi wao Wagikuyu, katika shule ambayo Kiingereza ndicho kilichopimwa na Cambridge. Hakuna mtihani uliowauliza tamthilia ya Kiswahili. Waliichagua lugha ambayo mpishi, mvulana wa Taita na jirani wa Kikuyu wote wangeielewa. Sijui ushahidi bora kuliko huu kwamba sehemu ya mwisho ya sala ile ilikuwa imewaingia, bila kupitia kwa wakuu wao.

Sala ilizungumza juu ya wanaume, na kwa miaka mingi ilimaanisha hivyohivyo. Wasichana wachache waliruhusiwa kuketi darasani pamoja na wavulana kwa sababu hawakuwa na mahali pengine. Mmoja wao, Margaret Kenyatta, alikuja kuwa meya wa Nairobi kuanzia 1970. Shule ya upili ya wasichana Waafrika, Alliance Girls ya leo, ilifunguliwa jirani mwaka 1948. Miaka 22 ni kizazi kizima cha dada waliobaki nyumbani wakati kaka zao wakitiwa nguvu za kutumikia, na kumbukumbu za miaka 100 hazina budi kulisema hilo.

Uhuru ulipokuja, Desemba 1963, hesabu ilifanywa haraka. James Gichuru, aliyekuwa amefundisha Alliance pia, alipewa Wizara ya Fedha. Oginga Odinga, aliyepita hapo miaka ya 1930 akitokea Maseno, Mambo ya Ndani. Mbiyu Koinange na Julius Kiano walikuwa mawaziri, Charles Njonjo Mwanasheria Mkuu. Na aliyeongoza upinzani wa chama cha KADU bungeni, Ronald Ngala wa Kaloleni, alikuwa Alliance vilevile. Serikali na upinzani walikuwa wameamshwa na kengele moja.

Tangu hapo njia zao zikaachana. Odinga alijiuzulu 1966 akaanzisha chama cha upinzani cha KPU, akilalamika kwamba wananchi waliopigania ardhi wamesahauliwa. Miaka mitatu baadaye alikuwa kizuizini. Ngũgĩ, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alirudi Kamirithu ileile iliyojengwa kwa nguvu za bunduki, na mwaka 1977 akaandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ tamthilia ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, iliyochezwa na wakulima na vibarua wa hapo. Serikali iliisimamisha. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ alikamatwa, akafungwa Kamiti bila kushtakiwa. Mwanasheria Mkuu bado alikuwa Njonjo. Baadaye, mwaka 1990, ikawa zamu ya Kenneth Matiba, tajiri na waziri wa zamani, naye mtoto wa Alliance, kufungwa bila mashtaka kwa kudai vyama vingi, na afya yake haikurudi.

Ukiwauliza wote hawa, kila mmoja angesema alitumikia. Njonjo angesema alitumikia utulivu na sheria. Odinga angecheka. Shule haikumfundisha mmoja wao vibaya na mwingine vizuri. Iliwapa wote bidii, kujiamini na uwezo wa kusimama mbele ya watu, kisha ikanyamaza pale ambapo kila mmoja alihitaji kuambiwa zaidi. Mimi nadhani ukimya huo ulikuwa na gharama. Lakini shule ambayo ingewaambia wanafunzi wake wampigie nani kura ingekuwa mbaya zaidi.

Francis mwenyewe alijibu kwa miguu yake. Alipostaafu 1962 hakurudi Uingereza. Alikwenda kufundisha shule ya sekondari ya Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini Nairobi, akiwa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine. Alifariki 1966 akiwa bado kazini. Baadhi ya waliobeba jeneza lake walikuwa mawaziri, wenye bendera kwenye magari yao.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwa kuwa inafanana na ya shule nyingine kubwa: kidato cha tano na cha sita, kisha mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985, kisha mtihani wa KCSE kuanzia 1989 na orodha za ubora magazetini kila matokeo yalipotoka. Orodha hizo ziliijengea Alliance jina na kuiharibu kidogo. Mzazi aliyewahi kuuliza shule hii inamfanya mtoto wangu mtu wa namna gani, sasa aliuliza ina A ngapi. Shule ikajibu swali ililoulizwa.

Mapema 2017 lilizuka jambo la aibu. Magazeti yaliandika kwamba wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wakipigwa na kuteswa na viranja na wakubwa wao, Wizara ya Elimu ikatuma wachunguzi, na uongozi wa shule ukabadilika. Viboko vilikuwa vimepigwa marufuku nchini tangu 2001, lakini marufuku ile ilimfunga mwalimu kuliko ilivyomfunga kiranja. Lile ambalo Francis aliligombania mwaka wake wa kwanza, kwamba ukubwa ni kazi, lilikuwa limegeuzwa chini juu: mdogo ndiye aliyemfulia na kumtandikia mkubwa. Wapo wahitimu waliosema wao pia walipitia hayo na yakawakomaza. Hoja hiyo siikubali. Walikomaa licha ya hayo, na hatujui ni wangapi hawakukomaa kwa sababu yake.

Mwaka wa 100 umekuja na wanafunzi wa aina mpya. Januari 2026 shule za sekondari ya juu nchini zilipokea kundi la kwanza la gredi ya 10 chini ya mtaala wa umilisi, huku vidato vya mwisho vya 8-4-4 vikimalizia muda wao mpaka 2027. Wanaoingia hawaongozwi na alama za KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho 2023. Wanachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na sayansi ya michezo. Pia mtaala wenyewe umeandika maadili na uraia kama vitu vya kufundishwa na kupimwa, jambo ambalo Alliance ililifanya kwa sala, ufagio na safari za Kinoo.

Mkondo wa tatu ndio unaonivutia. Kandanda na jukwaa vilikuwa kazi ya jioni pale Kikuyu, visivyo na cheti. Sasa mvulana anayeandika tamthilia ya Kiswahili atapewa alama kwa ajili yake, na mwalimu atahitaji jedwali la kumpimia. Henry Kuria na wenzake waliandika zao bila jedwali, baada ya kumaliza hesabu, na walianza kwa kujiuliza nani atakuja kutazama.